Jina Nililomtungia Marehemu

Watu wa kwetu walisema mtoto anayemjibu mamake kwa Kiingereza hatarudi Nakuru akaajiriwa, sembuse kuajiri. Leo nina stashahada ya utunzaji wa nyaraka, ofisi yangu mwenyewe hapa Nakuru na wafanyakazi watatu, na familia zinazogombania mashamba huja kwangu niwatafutie ukoo wao. Sijaona anayenishinda katika kazi hii. Lakini niliianza kwa kosa, likizo moja ya kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na kosa hilo karibu lituache bila chakula.

Tuliishi Dallas, katika magorofa ya mtaa wa Vickery Meadow, na Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee, Miss Opal, katika mji mdogo ng'ambo ya Fort Worth. Nyumba yake ilinuka karatasi kuukuu na vumbi la nyasi kavu. Nje hapakuwa na mti wala kilima, nyasi tu hadi mwisho wa macho, na upepo uliosukuma madirisha mchana kutwa kama mtu anayetaka kuingia. Niliuogopa upepo ule. Miss Opal alikuwa wa mwisho katika ukoo wa walowezi waliofika pale kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo likizo ile nilienda na Mama, nikamsomea barua za ukoo na kumwandikia majina. Alitaka kumwekea mlowezi wa kwanza, Amos, jiwe jipya la kaburi, nalo liseme alikuwa mwana wa nani. Jina hilo hakulijua mtu.

Mimi nikalijua. Mimi ni Wambui kwa sababu nyanya yangu mzaa baba ni Wambui, na Mama hunitania kwa kuniita mama mkwe. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la baba ya babake. Mwana wa kwanza wa Amos aliitwa Silas. Basi baba ya Amos alikuwa Silas. Nikaandika kwa wino, nikamsomea. Miss Opal alilirudia jina lile huku machozi yakimtoka, kisha akampigia simu fundi wa mawe, aliyeahidi kuanza kuchonga Ijumaa.

Alhamisi nikafungua barua ya mke wa Amos: "Mtoto wetu wa kwanza tumempa jina la kaka yangu Silas." Nikamfuata Mama jikoni.

"Mama mkwe, umevunja nini?"

Nikamweleza. Akaketi polepole, kitambaa cha vyombo bado mkononi.

"Hii kazi ndiyo inalipa nyumba, Wambui. Akisema tumemdanganya, nani atanichukua tena?"

"Hawezi kuisoma hiyo barua, Mama. Tukinyamaza hatajua."

Kilichonitisha ni kwamba alikuwa akilifikiria wazo hilo. Kisha akaniambia nitangulie na barua kwa Miss Opal.

Nilimsomea Miss Opal barua ile, Mama akiwa nyuma yangu, nikakiri kwamba jina lile nililikisia tu. Akaniamuru nirudie. Upepo ulitikisa vioo. Mwishowe akaomba simu, akamwambia fundi aache mahali pa jina la baba wazi. Kisha akageukia upande wetu.

"Jumatatu mje mapema. Kuna sanduku la barua za upande wa mama yangu. Na huyu mtoto aandike kwa penseli."

Mama alifanya kazi pale hadi Miss Opal alipofariki. Siku hizi nina kompyuta mbili na mhuri wenye jina langu, na mahakamani mawakili husimama kunisalimia. Lakini kila mzee anapoketi mbele yangu na kukubali haraka jina ninalomsomea, huikumbuka Alhamisi ile. Humwomba anipe siku mbili, nirudi kwenye faili. Siku nitakapoisahau, nitafunga ofisi.