Foto za Jubilé Nilizopiga na Ulimi

Heri muisikie kwangu, juu kaka yangu Kambale anaihadisia kila mutu mwenye anaingia kwake Beni, na kwa kinywa yake mi naonekana mujinga kupita vile nilikuwa, na vile nilikuwa ilikuwa imetosha kabisa. Donc nakubali mbele ya yote: ndiyo, ni mimi, Kavira, muuzisha bikwembe, vitenge vya bamama, wa Kimemi, Butembo, nilivuruga jubilé ya wazazi wangu, na sikuivuruga na ujinga wa bure bure kama batu bengine, hapana, mi nilisoma miezi tatu juu ya kuivuruga.

Wazazi wangu balikuwa banatimiza miaka makumi tano ya ndoa. Foto yao ya ndoa, ile moja tu, ilibaki ku ukuta ya nyumba yetu upande wa Manguredjipa siku balikimbia vita (mama alibeba sufuria na bajukuu, tata akabeba redio, hakuna mutu aliwaza ukuta), na tangu pale banakaa Beni, mu commune Ruwenzori, kwa Kambale. Basi wakati ya kutayarisha jubilé, mama aliomba kitu kimoja. Hakuomba kikwembe, na binti yake anaviuzisha. Aliomba foto ya kuweka ku ukuta.

Familia ilikuwa imeisha kumuchagua Papa Mbusa, ule photographe mwenye alipiga ndoa zetu zote, na appareil yake ya foto, nyeusi, kubwa kama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Njo pale niliomba neno. Nikasimama mu mukutano ya familia, nikawafundisha kama Papa Mbusa ni mutu muzuri mais appareil yake ni ya zamani, ndani kuko kioo inayopigapiga kelele, kumbe zile za sasa hazina kioo, ni ndogo, zinaingia mu sacoche ya mwanamuke, capteur yake inaitwa APS-C, siyo ile kubwa yenye unauza shamba mbele ya kuinunua, siyo ile kama mbegu ya maharagi ya mu telefone, ni ile ya katikati, ya batu ba akili, na inapiga foto, inapiga na video, na ekra yake ya kuangalilia foto inageuka unavyotaka. Hakuna mutu aliuliza capteur ni nini. Kama mutu angeuliza ningepata shida, mais kwetu mutu akisema Français mbio mbio batu banaitika na kichwa, na kazi ya foto ikawa yangu.

Kwa kweli nilikuwa mugonjwa wa ile appareil. Mu soko muteja alikuja kutafuta kikwembe ya kilio, akarudi kwake na habari ya stabilisation, ile ya kuzuia foto isitetemeke. Bwana yangu alianza kula haraka haraka mbele nifike, juu asinikute ku meza.

Siku ya kununua, Musavuli, mucuruzi wa kwetu mwenye anaendaka Kampala kila mwezi, aliniita ku telefone akiwa mu magazini kule, akaniuliza kama nataka boîtier nu ao kit. Sasa sikilizeni vizuri, juu yote iliyofuata ilitoka hapa. Mu miezi yangu tatu ya masomo ku telefone sikukutana na mutu hata mumoja wa kueleza nu ni nini, juu kila mwenye kuandika aliwaza musomaji anajua. Kit nilikuwa nimeisikia: Muzungu mumoja wa ndevu alisema mu video kama kit ni ya benye kuanza. Mi nikawaza kit njo sacoche, mukanda na kitambaa ya kupanguza. Ningeweza kumuuliza Musavuli, ilikuwa maneno tatu: kit njo nini? Badala yake nikajibu na sauti ya mutu mwenye amezeeka mu kazi:

"Nu. Kit ni ya benye kuanza."

Akasema sawa. Na vile nu ilikuwa bei chini, nilimaliza siku muzima nikijisifu.

Kisha nikaongeza jambo ingine ya mwisho (mutu akianza kuwa na akili haisimame). Nilimwendea padiri wa Beni, nikamwomba atangaze mu misa kama hakuna mutu atakamata foto na telefone, juu telefone za batu zinaharibisha kazi ya professionnel. Padiri akauliza professionnel ni nani. Nikainamisha macho kidogo, kama mutu munyenyekevu.

Mizigo ya Musavuli ikakwama ku mupaka, Kasindi, siku ine. Nilifika Beni bila appareil, nikisema hakuna shida, na asubui ya jubilé, batu bakiisha kuvaa, motard wa pikipiki akafika na karton. Nikaingia nayo mu chumba ya Kambale, nikafunga mulango, nikafungula. Ilikuwa muzuri, ndogo, nyeusi, nzito kidogo vile inafaa. Mbele kulikuwa kifuniko ya plastiki. Nikakitoa juu nione jicho yake. Jicho haikuwa. Ilikuwa shimo, na ndani ya shimo kile capteur changu cha APS-C, kipande ya kukamata mwangaza, kinaniangalia. Nikaangalia mu karton. Nikapindua karton. Nikatikisa karton, mi mutu wa elimu.

Nikamupigia Musavuli. Alijibu na heshima yote, kama mutu anayesomea mutoto katekisimu:

"Mama Kavira, si ulisema nu? Nu njo bila objectif. Objectif iko mu kit."

Musavuli alinieleza mu sekunde tano kitu chenye miezi tatu ilishindwa. Kambale akagonga mulango, akasema motokari iko nje, tata na mama bameisha kukaa ndani. Pale ningefungula mulango niseme ukweli, na Beni haikose baphotographe, mumoja angekuja na pikipiki mbele ya somo ya kwanza ya misa. Mais nikamuona Papa Mbusa mu roho yangu, nikaona bashemeki bangu, nikaona ule mukutano wenye nilisimama. Nikarudisha kifuniko mahali yake, nikajiambia nitajifanya tu saa ya kuingia kanisa, kisha nitatafuta njia. Nikatoka na appareil ku shingo, batu bakapiga makofi.

Ku mulango ya kanisa nikakutana na shida ya kwanza: bila objectif ile appareil inakataa hata kulia. Unafinya, inanyamaza kama mutu mwenye ulimukosea. Na batu banangoja kusikia sauti. Basi (hapa kama munataka kucheka, mucheke, mi nimeisha kuzoea) nikaanza kuiliza na ulimi. Nafinya, ulimi inasema ta. Shangazi mumoja akauliza juu ya nini haina ule mudomo murefu wa mbele, nikamujibu kama za sasa zina jicho ndani, kama telefone. Akawaelezea bengine, bakashangaa vile dunia inaenda. Ekra niliifunga, uso yake ndani, juu asione mutu ile giza.

Padiri akatangaza habari ya telefone. Batu bakaziweka mu mifuko, bakaniangalia. Ningeweza kukamata yangu mu sacoche, mais na macho ya kanisa nzima ku mugongo wangu, na ni mimi mwenyewe niliomba sheria, nilibaki tu na ulimi.

Saa ya pete ikafika. Wazazi balipiga magoti mbele ya padiri, tata na ile goti yake ya kuume yenye inamutesa tangu kukimbia, na akamuvalisha mama pete mupya. Nilikuwa karibu sana, juu photographe wa kweli anafikaka karibu. Mama alikuwa analia. Na mi, sijui ni shetani gani, niliwaza photographe wa kweli angesema kitu, nikainama, nikasema polepole:

"Tata, rudilia, sikuipata vizuri."

Akarudilia. Kambale na padiri balimusimamisha, akapiga magoti mara ya pili, akatoa pete, akarudisha pete. Nikapiga ta, ta, ta. Bandugu, ya mingine yote naweza kuicheka na ninyi, mais ile hapana. Ile inaniamusha hata leo. Ku mwisho ya misa padiri akashukuru photographe mwenye hakusumbua batu na kelele wala na flash.

Mu salle ya fête nilikaa pembeni ya mulango, nikiwaza kama nitaangusha appareil mu ndoo ya maji, ningesema imekufa na foto zote, ingekuwa uongo moja tu juu ya ingine. Na nilikuwa nimeisha kuona ndoo. Mais Préfet Kabeya, mutu wa Kasaï mwenye Serikali ilimutuma kuongoza école karibu na kwa Kambale, njo alikuwa anaongoza fête, na micro mu mukono, na akatangaza surprise: ameleta projecteur ya école, tutaona foto za misa ku ukuta mbele ya kukata gâteau. Akaja mwenyewe na câble. Mi nilikuwa nasema betri, nilikuwa nasema format, alikuwa ameisha kuichomeka.

Ku ukuta ikatokea, na maandiko makubwa meupe, yenye hata benye kukaa ku mulango balisoma: AUCUNE IMAGE, ni kusema hakuna foto hata moja.

Shemeki mumoja alipiga makofi, alifikiri njo titre, jina ya filme.

Préfet akakamata appareil, akaigeuza, akatoa kifuniko. Ni mutu wa adabu, alitaka kuniuliza kwa siri, alisahau tu micro:

"Madame, objectif iko wapi?"

Salle nzima ilisikia. Mama akauliza objectif njo nini. Kambale akamwambia ni jicho, mama, ile appareil haina jicho. Mama aliangalia shimo, kisha akauliza na sauti yake ya chini, ile yenye hailazimishe kupandisha:

"Na ulimupigisha baba yako magoti mara mbili?"

Nilieleza yote palepale, nu, kit, ulimi, na nilipofika ku ulimi batu bakaanza kucheka, kwanza bashemeki, kisha bamama, kisha padiri akafunika uso na mukono. Tata njo hakucheka. Alishika meza, akasimama, akasema kama kuko mutu mwenye appareil yenye kuona, yeye anaweza kupiga magoti mara ya tatu, mais watafute batu babili ba kumusimamisha. Mama akakataa ya magoti. Tukatoka bote mu kipango, ku kiwanja ya nje, Préfet akatupiga foto na telefone yake, tumesimama kama batu ba kungoja carte d'électeur, kadi ya kupiga kura.

Zile foto za kipango ni muzuri. Mama hakuweka hata moja ku ukuta. Yenye aliweka ilitoka kwa dada yake, tantine Masika, mwenye alikuja na pikipiki tangu Manguredjipa, akachelewa, akaingia kanisa nyuma ya tangazo ya padiri, donc hakusikia kama telefone imekatazwa. Alikamata foto moja tu, saa ya pete. Katikati ni mugongo wangu. Kuume kunaonekana sikio ya tata, kushoto mukono ya mama na pete, na juu ya yote, ku mukono yangu yenye niliinua, appareil.

Nilimwomba mama achague ingine. Akasema hapana, juu mu hii njo bako banavalishana pete.

Tangu siku ile mutu akiniuliza kitu nisichojua nasema sijui, hata mu soko, hata mbele ya muteja, na inauma kila mara kama dawa ya kidonda. Objectif nilinunua, kwa bei kubwa kupita ya kit, na naenda Beni nayo kila Paska juu ya kumupiga mama foto tena. Anakaa, anatabasamu, ananishukuru, anaweka foto mu kabati. Na muzungumuzo wa wageni bake ni ule ule: banaangalia ukuta, banauliza ule mwanamuke mwenye ameziba batu ni nani.

"Ule?" mama anajibu. "Ule ni photographe."