Ripoti ya Marehemu Wauza Kahawa: Jinsi Kituo cha Kimuli Kilivyofungwa

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninayoandika niliyaona mwenyewe. Anayetaka kubisha abishe, lakini asome kwanza mpaka chini.

Mimi ni mtoto wa Bugene, Karagwe. Sikubebwa na mjomba wala mbunge. Nilikwenda Nairobi na begi moja, nikauza mitumba, nikajilipia diploma ya kompyuta. Miaka ya tisini inaelekea mwisho nikarudi nyumbani. Wakati huo Karagwe nzima, ukitaka mtu wa kukutengenezea database ulikuwa unaniita mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Kampuni moja ya kununua kahawa ikanichukua, ofisi ya Kayanga, makao ya wilaya yetu.

Kampuni ilikuwa imeanzisha portal ya ndani. Kayanga, Bukoba na Dar tuliunganishwa kwa laini ya simu. Unapandisha ripoti huku, bosi Dar anaisoma kule. Vijana wa leo mtacheka, lakini enzi zile ilikuwa maajabu.

Tatizo laini ilikuwa nzito. Dar wakaagiza: pandisheni jedwali na grafu tu. Maelezo wekeni kwenye sehemu ya maoni.

Sasa wakaomba uchambuzi wa wakulima wa kituo chetu cha kununulia kahawa cha Kimuli (siku hizi ni wilaya ya Kyerwa, zamani yote ilikuwa Karagwe). Waliweka na safu yao: mwenye shamba yu hai au amefariki?

Nikaijaza kwa usahihi. Wengi wakatokea wamefariki.

Ambao si wa kwetu naomba mnielewe hapa. Baba akifa, kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa, hubaki na jina lake mpaka ukoo ukae na kumkalisha, yaani kumsimika rasmi, mrithi, omusika. Mrithi akiwa mbali, jambo linaweza kungoja miaka. Watoto wanapalilia, wanavuna, wanauza kwa jina la baba. Hakuna wizi hapo.

Yote hayo niliyaandika, vizuri kabisa, kwenye maoni.

Asubuhi nafungua portal, nakuta ofisi zote zimeshaiona grafu. Jamaa wa Bukoba kaandika: "Kumbe Karagwe marehemu wanachuma kahawa! Wanakunywa na rubisi?"

Bosi hakucheka. Aliagiza kituo kisimamishwe kwa kosa la udanganyifu. Nikampigia.

"Kijana, ripoti ni yako. Mtu huyu wa kwanza amekufa au hajafa?"

"Amekufa mzee, ila soma maoni yangu pale chini."

"Sina muda wa maoni. Weka jina la mtoto wake."

"Mtoto hajakalishwa."

"Akalishwe wiki hii. La sivyo nafunga."

Karani wa Kimuli alikuwa Mama Koku, mjane anayesomesha watoto kwa mshahara ule. Nikaenda kwake, tukazunguka naye nyumba kwa nyumba tukiomba majina mapya.

Kwa Mzee Kamuhanda, mmoja wa marehemu wa ile orodha, tulimkuta kijana wake Deo anaanika kahawa kwenye mkeka.

"Waitu Mama Koku, wewe umezaliwa hapa," Deo akasema. "Kaka yangu mkubwa yuko Mwanza. Niandike jina langu, kesho ukoo useme nimempora baba kaburini?"

"Ni karatasi tu, mwanangu."

"Basi andika la kwako."

Kila nyumba ni hivyo hivyo. Njiani Mama Koku akaniambia, "Wewe si ndiye mwenye mashine? Ifute hiyo safu."

Nilifuta. Lakini Dar walishachukua nakala yao, na kwenye portal nakala ya Dar ndiyo ilikuwa neno la mwisho.

Lori likaja kuchukua mzani. Mama Koku alisaini karatasi ya kuukabidhi na kurudi kulima. Watu wa Kimuli wakabaki na walanguzi waliokuja na mizani yao ya ajabu, na wengine wakavusha kahawa Uganda kwa magendo. Kuna aliyekata mibuni akapanda maharage.

Msimu uliofuata Deo akaja ofisini Kayanga na kaka yake, wamevaa makoti. Ukoo ulikuwa umekaa.

"Tumemkalisha," Deo akasema. "Sasa mwandike."

Nikafungua kompyuta. Orodha ya vituo ilikuwa inaruka Kimuli. Hapakuwa na pa kumwandika.

Nikawaambia. Yule kaka aliuliza mara moja tu, "Hata pembeni?" Kisha wakatoka.

Wakuu, ripoti yangu ilikuwa sahihi, kwa hilo sirudi nyuma. Ila nilijifunza hivi: maelezo yasipokuwa ndani ya jedwali lenyewe, mchukulie msomaji wako kuwa hajayaona. Na anayetunga safu za database akiwa mbali na shamba, mtu amwulize kwanza safu hiyo ni ya nini, kabla namba hazijapanda hewani.

Mnaofanya kazi na mifumo ya makampuni, kwenu nani anasoma maoni? Na watu wa Kimuli mliopo humu, kama nimekosea mahali, nirekebisheni. Uwanja ni wenu.