Vyombo vya Rubani

Shule niliishia darasa la nne, lakini nenda Mapinga ukaulize nani kauza viwanja vingi kuliko wote, utaletwa kwangu. Kwa hiyo ndege ndogo ilipoangukia shamba langu la mihogo, mvua inanyesha na wingu limeshuka hadi kwenye minazi, nilijua shahidi mkuu ni mimi. Rubani, binti mmoja aliyekuwa peke yake, nilimtoa kwa mikono yangu.

"Pole, mwanangu. Ilikuwaje?"

"Ahsante, baba. Nje sikuona kitu. Nilikazania vyombo tu."

Moyoni nilishamhukumu.

Wachunguzi walikuja baadaye pamoja na binti, mkono wake umefungwa plasta. Walitaka kujua kama alifanya uzembe, na akionekana mzembe, leseni yake ingekwenda. Nikasimama mbele ya majirani, kanzu imepigwa pasi.

"Mvua inasingiziwa bure," nikasema. "Alikuwa anashughulika na vyombo. Kanitamkia mwenyewe."

Mchunguzi mmoja akaandika. "Vizuri, mzee. Kwenye wingu ndivyo inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa?" nikapaza sauti. "Mtu anashusha ndege huku anaosha sahani?"

Mchunguzi akaweka kalamu chini. "Mzee, vyombo ni zile saa za vipimo zilizo mbele ya rubani. Zinamwongoza asipoona nje."

Binti akaniangalia kwa adabu. "Na sinki, baba, ulidhani liko wapi?"

Wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu.