Divai ya Siku Baba Aliporudishwa Kundini

Mimi sinywi pombe, na nyumbani kwetu Boko hakujawahi kuingia hata chupa ya bia. Kwa hiyo sijui walifikiria nini waliponipa mimi, mzee wa kanisa wa juzi juzi, kazi ya kuandaa divai ya Meza ya Bwana. Tena ikaangukia Jumapili ile ile baba yangu aliyokuwa anarudishwa kundini.

Baba alitengwa miaka kumi na mmoja. Mama alipofariki, aliishi na mwanamke bila kufunga ndoa, na kwa jambo hilo kanisa letu halina mchezo. Mwanamke mwenyewe alishaondoka zamani, lakini baba aliona aibu kwenda kutubu. Miaka yote hiyo, wenzake wakienda mezani, yeye alibaki benchi la nyuma akijifanya anatafuta wimbo kitabuni. Hatimaye alitubu, akanunua na viatu vipya.

Duka letu la siku zote lilikuwa limefungwa kwa msiba, nikaenda supamaketi moja kule Msasani. Rafu nzima imejaa chupa za divai! Dada wa dukani akaniuliza, "Mama, unataka kavu au tamu?" Nikababaika. Kitu cha kunywa kinakuwaje kikavu? Nikamjibu, "Nataka ya kanisani," akacheka, akaniacha nichague. Nikaona chupa ya kijani kibichi kilichokolea, imechorwa kichala cha zabibu nyeusi tii. Nikasema hapa sikosei.

Jumapili asubuhi, chumbani nyuma ya madhabahu, nilimimina kikombe cha kwanza. Ikatoka rangi ya chai iliyochujwa mara tatu. Nikatazama picha, nikatazama kikombe. Zabibu nyeusi, divai nyeupe! Nikadhani nimeuziwa feki. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, lakini kwangu pombe ni pombe tu. Kwaya ilishaanza kuimba, na kumuuliza mchungaji niliona haya. Damu gani nyeupe, tena siku ya baba yangu?

Nje, akina mama walikuwa wamepanga juisi ya rosela, ile ya maua mekundu, waiuze baada ya ibada. Nikachota jagi moja. Hata sasa masikio yananiwaka moto nikikumbuka: nilichanganya. Ikawa nyekundu ya kupendeza kuliko hata ile tuliyoizoea.

Baba alipiga magoti, mimi nikiwa nimeshika trei. Akanywa, akasita, akanitazama mimi badala ya mchungaji. Kisha akarudi kukaa.

Tulipofika nyumbani akaniita. "Mwanangu, umetunywesha nini?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ujanani alifanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu Dodoma.

"Zabibu nyeusi ukiimenya, ndani ni nyeupe," alisema. "Wekundu uko kwenye ganda. Ukikamua na kutupa maganda mapema, unapata nyeupe. Ukiiacha ichachuke na maganda yake siku kadhaa, inakuwa nyekundu, na inapata ule ukakasi unaoshika ulimi. Leo nimeona wekundu, ukakasi sijauona. Nimeona ndimu ndimu tu."

"Kwa hiyo ile nyeupe ilikuwa divai kweli?"

"Divai kabisa. Ungeniletea vile vile ningekunywa."

Nikataka ardhi ipasuke. "Sasa baba, umerudi au hujarudi?"

"Sijui," alisema. "Mie mwenyewe sijui."

Nikamwambia kesho yake naenda kwa mchungaji kuungama. Akanishika mkono kwa nguvu. "Usiende. Watakutenga. Mie nimekaa kule nyuma, najua kulivyo. Sikutakii."

Sikwenda. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema au nilijificha tu nyuma ya huruma ya baba.

Mwezi uliofuata nilinunua kwenye duka letu la siku zote, nikafungua na kuonja mara mbili, ikanishika ulimi. Baba alipiga magoti, akanywa, akalia kwa sauti mpaka mchungaji akamshika bega. Ibada ilipoisha, watu walisimama getini wakiulizana: mzee huyu si alirudi mwezi uliopita, mbona analia leo?