Kuzunguka Hainan na Mjomba Asiyetaka Kuzunguka

Upande wa mashariki wa kisiwa cha Hainan sijauona. Nimepita huko kote, kutoka juu mpaka chini, mchana kweupe, na nilichokiona ni sikio la mjomba wangu. Ni sikio kubwa, lina nywele, na kila basi lilipokata kona lilikuwa linaziba kitu: ghuba, mashua, watu wanaoanika samaki. Akijitokeza mtu kuniuliza kwa nini nilifanya nilichofanya Sanya, nitamchorea hilo sikio, na nywele zake zote.

Kuna watu wana moyo wa kusamehe. Darasani kwetu wapo, wanakaa mbele na kushika namba nzuri. Mimi nakaa nyuma na kukumbuka.

Mjomba ni mdogo wake mama. Alifika Guangzhou kabla yetu, na hajawahi kutuacha tukasahau. Ananunua mikoba ya wanawake Shiling, mji wa ngozi huko Huadu, anapeleka Dar, na jioni anakuja kula bure kwenye mgahawa wa mama hapa mtaa wa Dengfeng, huku akiwafundisha wageni wapya namna ya kuishi na Wachina. Kichina chake ni maneno manne: laoban, yaani bosi, bei gani, ghali mno, na hakuna. Mimi nasoma shule ya Kichina. Darasa zima mimi ndiye mwenye nywele zinazosimama zenyewe, na ni mimi ninayetumwa kusoma barua za mwenye nyumba.

Safari ilikuwa yangu. Hilo lieleweke kabla hatujaendelea. Ramani ya Hainan niliibandika juu ya kitanda changu mwaka mzima. Kisiwa chenyewe kina umbo la andazi lililoumuka vibaya, na nilikizungushia mstari wa peni nyekundu: unaanza Haikou kule juu, unashuka pwani ya mashariki mpaka Sanya, unapanda pwani ya magharibi mpaka Haikou tena. Nilitaka duara. Nitoke mahali, nizunguke, nirudi palepale kutoka upande mwingine bila kurudia barabara hata moja. Mwenzangu mmoja darasani aliwahi kuniambia, tena kwa upole kabisa, kwamba watu wa kwetu hatutembei, tunanunua. Alisema hajawahi kumwona mmoja wetu akiangalia kitu bila kuuliza bei. Nikamwambia subiri.

Mama akaniahidi: nikifaulu kuandika Kichina, likizo ya mwaka mpya wao nitaenda, pamoja na binamu yangu anayesoma chuo hapahapa mjini. Nilifaulu. Sitasema nilifaulu vipi, ila nilifaulu.

Sasa, mwaka mpya wa Kichina ukikaribia viwanda vyote hufungwa. Wafanyakazi wanarudi makwao, Shiling inabaki milango ya chuma tu, na wafanyabiashara wa kwetu wanazagaa Dengfeng kama kuku wa mvua. Mjomba ndiye huzagaa kuliko wote. Siku hiyo alikuwa na sahani ya tatu ya pilau aliposikia habari za safari.

"Dada, unamwachia mtoto wa kike akazurure kisiwani na mtoto mwenzake?"

"Mwenzake yuko chuo mwaka wa tatu," mama akasema.

"Chuo kinafundisha kuvuka barabara? Nitampeleka mimi. Mimi si nipo tu."

"Mjomba, sijaomba kupelekwa," nikasema.

"Shikamoo kwanza."

"Nilikuamkia ulipoingia."

"Hukuamkia vizuri."

Basi binamu akatolewa, mjomba akaingia, na pamoja naye likaingia sanduku lililojaa mikoba ya sampuli, maana huwezi kujua, labda kisiwani kuna mnunuzi. Sanduku nilibeba mimi.

Treni ya kwenda Haikou inavuka bahari. Si kwa daraja. Ikifika ukingoni wanaikata vipande, wanavisukuma vipande hivyo ndani ya meli, na wewe umo ndani ya behewa lako umelala. Kulipokucha tulisikia behewa likirudi nyuma. Mjomba akaamka amekumbatia sanduku.

"Wanaturudisha. Kumetokea nini? Waulize."

"Tunapanda meli, mjomba."

"Na treni?"

"Na treni."

Akajifunika blanketi mpaka kichwani, yeye na sanduku lake, mpaka tukafika ng'ambo. Huo ulikuwa wakati mzuri wa safari, na mpaka leo naukumbuka kwa upendo.

Baada ya hapo kila basi alikaa dirishani. Alisema anatapika akikaa ndani. Alikaa dirishani, akafumba macho, akalala. Nilijaribu kuangalia nje kupitia juu ya kichwa chake, akaamka akaniambia nisimpumulie.

Wenchang tulishuka kwa sababu ya madafu. Yaani mtu wa Tanga amevuka bara na bahari, amefika mahali Wachina wanapopiga picha na minazi, anasimama mbele ya mama mmoja mwenye panga na kugombana naye bei ya dafu. Kalkuleta ikatoka mfukoni. Mama yule akabonyeza, mjomba akafuta, akabonyeza yake, wakapokezana hivyo mpaka mama yule akasema kitu.

"Anasema hiyo ndiyo bei ya mwisho," nikatafsiri.

Mjomba alinigeukia kama nimemtemea mate.

"Nani kakuuliza? Wewe ukijibu kabla yangu unaniharibia biashara. Laoban akisema bei ya mwisho, hajasema kitu, amekohoa. Kuanzia leo usitafsiri mpaka nikuambie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Angalia ufundi."

Ufundi wenyewe kila mtu wa Dengfeng anaujua. Unaitazama bei kwenye kalkuleta, unashika kifua, unacheka kidogo kwa huzuni, unageuka, unaondoka. Huendi mbali. Kabla hujafika mlangoni bosi anakuita urudi, na bei imeshuka. Bosi anajua, wewe unajua, mlinzi anajua, ni kama kusalimiana. Yule mama wa madafu alimwita kweli. Mjomba akanywa dafu lake akinitazama, na langu hakununua. Alisema madafu nitayakuta nyumbani.

Tulifika Sanya, chini kabisa ya kisiwa. Nusu ya duara langu ilikuwa imekwisha, ingawa niliiona kupitia sikio. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, nikatandaza ramani kitandani kumwonyesha kulikobaki: Dongfang, Danzhou, halafu Haikou.

"Huko hatuendi," mjomba akasema. "Shiling inakaribia kufungua. Unajua mteja wa kwanza wa mwaka anapewa nini?"

Nilijua. Kila mtu aliyewahi kula kwa mama anajua. Bosi wa mikoba ana desturi: mteja anayeingia wa kwanza duka likifunguliwa baada ya sikukuu anahesabiwa ameingia na bahati. Anapewa chai, anapewa mti mdogo wa machungwa ndani ya chungu chekundu, na mwaka mzima mzigo wake unatangulia. Mjomba alikuwa wa kwanza mwaka juzi na mwaka jana. Miti yote miwili ilikauka mgahawani kwetu na haruhusu mtu aitupe.

"Mjomba, mimi nilitaka kuzunguka. Ndiyo safari yenyewe."

"Kisiwa ni kisiwa. Maji pembeni, watu katikati. Ukiona upande mmoja umeona wote."

Kisha akachukua peni yangu nyekundu, akainama juu ya ramani yangu, akaukata upande wote wa magharibi kwa mkwaju mmoja. Kwenye bahari, pale palipokuwa peupe, akapiga hesabu za mikoba.

"Tumemaliza," akasema. Akalala.

Mimi sikulia. Niliikunja ramani vizuri, nikaiweka chini ya mto, nikamtazama anavyokoroma. Nilikuwa sijajua bado nitafanya nini, lakini nilijua nitafanya.

Kumbe sikuhitaji kufanya kitu. Asubuhi stendi ya Sanya ilikuwa imejaa watu wote wa China, kila mmoja na mifuko, maana sikukuu ilikuwa inaisha na wote walikuwa wanarudi kazini. Kwenye kioo cha tiketi mjomba alipata lile neno lake la nne, hakuna, ila safari hii aliambiwa yeye. Tukatoka nje. Barabarani palikuwa na basi dogo la mtu binafsi, injini inaunguruma, kibao chake kinasema Haikou kwa barabara ya mashariki. Dereva, mwanamume mwembamba aliyekuwa anakula mkate wa mvuke, akaandika nauli kwenye kalkuleta.

Mjomba akashika kifua.

Dereva akanigeukia mimi, akasema kwa Kichina kilichonyooka: "Binti, mwambie baba yako hivi ni viti viwili vya mwisho. Ndani ya stendi, tiketi za barabara hii zimeisha mpaka keshokutwa. Akiondoka sitamsubiri."

"Mjomba," nikasema.

"Nimekuambia nini?"

"Lakini mjomba, anasema..."

"Amekohoa. Nyamaza, angalia ufundi."

Nikanyamaza. Walimu wangu, mama yangu na majirani wote wa Dengfeng hawajawahi kupata utii kama ule niliompa mjomba asubuhi ile. Alicheka kidogo kwa huzuni. Akageuka. Akaanza kuondoka polepole, mikono nyuma, sikio lile limegeuzwa upande kidogo kusubiri kuitwa. Mimi nikamfuata na sanduku, na kwa mara ya kwanza halikuwa zito.

Nyuma yetu mume na mke wenye gunia la viazi walipanda. Mlango ukafungwa. Mjomba akazidi kupunguza mwendo, mpaka akawa kama mtu anayefuata jeneza. Halafu injini ikapanda sauti, basi likapita kando yetu, na yule dereva akatupungia mkate.

"Ameondoka?" mjomba akauliza.

"Ndiyo, mjomba."

"Anazunguka tu. Atarudi."

Tukasimama juani kumsubiri. Nilisimama kwa adabu. Jua likasogea, jasho likamtoka, na mimi nilikula karanga zangu moja moja, kwa kuzitafuna vizuri.

Mwishowe aliniambia niende kuuliza kuna nini kingine. Kilikuwepo. Kulikuwa na basi la polepole lenye viti vitupu, kwa sababu mtu mwenye haraka halipandi: linaingia kila kijiji, linashusha mbolea na kupakia bata.

"Linapita wapi?"

"Upande ule ulioukata, mjomba."

Nilipanda wa kwanza, nikakaa dirishani. Aliposema anatapika akikaa ndani, nilimpa mfuko wa plastiki. Upande wake mwingine alikaa bibi mmoja mwenye bata wawili ndani ya kikapu, na bata mmoja alipenda sana mkono wa shati lake.

Nikaona magharibi yote. Niliona ardhi kavu yenye mipungate, tofauti kabisa na picha za matangazo ya hoteli. Niliona mashamba ya miwa na trekta zilizolemewa, ng'ombe wamelala barabarani na dereva anawabembeleza kwa honi, mikungu ya ndizi iliyovikwa mifuko ya buluu, bahari ya kijivu inayotokea na kupotea. Hakuna aliyekuwa anauza kitu. Nilitazama tu, bila kuuliza bei, na nikamkumbuka yule mwenzangu wa darasani. Dongfang tulilala, kwa kuwa basi lenyewe lililala. Nyumba mbili za wageni zilituambia hazipokei wageni wa nje, ya tatu ikatupokea na mbu wake. Kesho yake jioni kibao cha Haikou kilipotokea mbele, kutoka upande ambao hatukuondokea, nilitoa ramani nikapitisha kidole juu ya mkwaju wa mjomba mpaka mstari ukakutana na mwanzo wake. Yeye alikuwa anaokota manyoya kwenye suruali.

Tulipofika Dengfeng, juu ya meza ya katikati ya mgahawa wa mama palikuwa na mti mdogo wa machungwa ndani ya chungu chekundu. Nyuma ya mti alikaa mfanyabiashara Mkongo kutoka Lubumbashi, mteja wetu wa zamani, suti safi, anakula samaki.

"Grand, ulikuwa wapi?" akamuuliza mjomba, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Shiling wamefungua jana. Laoban alikuulizia sana. Bon, hukukuwa, akanipa mimi huu mti."

Mjomba aliutazama ule mti. Nami nikamtazama mjomba. Halafu, mbele ya watu wote, akavuta kiti akasema:

"Niliamua kukizunguka kisiwa kizima. Mtu ukifika mahali, upaone pote. Huyu mtoto alitaka turudi, nikamwambia hapana."

Nilihisi masikio yangu yanachemka. Duara langu, mwaka mzima juu ya kitanda changu, na amelichukua bure kama anavyokula pilau. Ningetupa sahani. Lakini yeye mwenyewe, kwa ulimi wake, akaendelea:

"Ila Sanya kuna matapeli. Dereva mmoja aliona nimemshinda bei, akanitukana. Mwambie mama yako alichosema yule dereva."

"Nitafsiri, mjomba?"

"Tafsiri."

"Alisema: binti, mwambie baba yako hivi ni viti viwili vya mwisho. Ndani ya stendi tiketi zimeisha mpaka keshokutwa. Akiondoka sitamsubiri."

Mkongo aliweka uma chini. Mama aligeukia jikoni haraka, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mbona hukuniambia?" mjomba akauliza, kwa sauti ndogo.

"Ulisema nisitafsiri mpaka uniambie. Ndiyo umeniambia sasa."

Mama anasema yameisha, nimwachie. Hayajaisha. Kwa ule upande wa mashariki, mjomba bado ananidai msamaha na mimi bado namdai bahari. Ramani imerudi ukutani pamoja na mkwaju wake na hesabu zake za mikoba. Na mjomba amebadilika kidogo: ukimwambia kitu ni cha mwisho, anakaa chini upesi na kulipa bila kubisha. Jana nilimwambia chapati zimebaki mbili tu, akazilipia zote kabla hajanawa mikono.

Jikoni kulikuwa na beseni zima la chapati. Hilo hakuniambia nimtafsirie.