Ndoo ya Chumba cha Uzazi

Mimi ni mpimaji maji, na kazini kwetu Bukoba wananiita mkali. Kweli ni mkali. Mtu akisuuza chupa ya sampuli kabla ya kuijaza namfokea, hata akiwa mganga, kwa sababu chupa ile imeshatakaswa na ukiisuuza umeiharibu. Koki unaichoma kwa moto, unayaacha maji yatiririke dakika mbili, halafu unakinga mwenyewe kwa mkono wako. Hupokei maji ya kuletewa. Nimewafundisha wengi hivyo kwa miaka. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba nilichokifanya, nilikifanya huku najua.

Kampuni yetu ndogo ilipata zabuni ya serikali ya kupima maji kwenye zahanati na vituo vya afya, Bukoba Vijijini na Muleba. Kila kituo sampuli moja. Matokeo yanapelekwa halmashauri, na kituo kitakachokutwa na maji machafu kinaingia kwenye orodha ya kupewa dawa ya maji na tangi jipya. Katika ratiba ile nikaona zahanati moja ya upande wa Kishanda, jina lake sitalitaja. Hapo ndipo mdogo wangu alipokuwa anahudhuria kliniki, maana ameolewa huko. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na baada ya ile ya pili aliacha kabisa kuongea kwa muda, anapika, analima, anakwenda kanisani, haongei. Hii ya tatu ilikuwa imefika miezi sita na alikuwa ameanza kucheka tena. Nikawaambia wenzangu, hiyo zahanati niachieni, naenda mwenyewe.

Siku hiyo tulianzia Maruku asubuhi, tukachukua sampuli mbili, tukashika njia ya Muleba. Mvua ikatukamata. Baada ya kuacha lami gari lilizama kwenye tope, tukasukuma mpaka viatu vikabaki chini. Sampuli za maji zina saa sita tu kufika maabara, zikipita hapo ni za kumwaga, na zile za Maruku zilikuwa zinazeeka ndani ya kisanduku cha barafu. Tulifika Kishanda saa saba mchana, na bomba halikuwa linatoa. Wakasema tusubiri, litarudi baada ya saa moja hivi.

Mhudumu wa zahanati alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri. Alinipokea anavyopokewa mgeni kwetu, akanitilia kiganjani akamwani, ile kahawa ya kutafuna, akanipa pole ya mvua. Alipoona nahangaika na bomba kavu, akaingia ndani akatoka na ndoo nyeupe yenye kifuniko, juu yake kitambaa safi. "Haya ndiyo maji ya chumba cha uzazi, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Ningesubiri. Saa moja tu, jamani. Au ningeandika kwenye fomu kwamba hapakuwa na maji, lakini hapo zahanati ya mdogo wangu ingetoka kwenye awamu ile, na mimi nilikuwa nimejitia kiherehere cha kuisaidia. Nikajaza chupa kwenye ndoo. Nilihisi chupa ina uvuguvugu mkononi, nikajiambia ni jua. Jua gani, na mimi nimelowa mpaka kwenye mifupa? Nikaandika: bomba, chumba cha uzazi. Nikasaini.

Kesho yake sahani ya kipimo ilikuwa nyeupe, haina hata doa moja la vijidudu. Nilifurahi kama mtu aliyejenga tangi kwa mikono yake. Nikampigia mdogo wangu simu nikamwambia ajifungulie hapo hapo, maji nimeyapima mimi.

Ulipokaribia mwezi wake nilikwenda kumsalimia. Kabla ya kufika kwake nilimkuta yule mama mhudumu akipalilia maharage ndani ya kibanja chake, shamba la migomba, kando ya njia. Akanyanyuka, akacheka, akaniambia karatasi yangu imemstaafisha. Nikadhani utani. Kumbe kazi yake pale zahanati ilikuwa kuchemsha maji. Kila asubuhi aliwasha moto nyuma ya jengo, akachemsha maji ya chumba cha uzazi, akayapoza kwenye ile ndoo. Kuni zililetwa na familia za wajawazito kwa zamu, mzigo mmoja kila nyumba, na ndivyo walivyofanya miaka yote. Matokeo yangu yalipofika, mganga mfawidhi aliyasoma kwenye mkutano wa kijiji, watu wakapiga makofi. Zamu ya kuni ikafutwa, mama akaambiwa apumzike, na karatasi ikabandikwa ukutani. Tangu siku hiyo wanatumia ya bomba.

"Kwa hiyo yale uliyonipa," nikamuuliza, "yalikuwa yamechemshwa?"

"Sasa mgeni ningempa mabichi?"

Sikuwa na wa kumgombeza. Mama wa watu aliniambia ukweli mtupu, maji ya chumba cha uzazi, na ndiyo yaliyokuwa. Aliyeandika bomba ni mimi.

Nilikwenda moja kwa moja zahanati. Siku hiyo bomba lilikuwa linatoa, na kwenye mkoba nilikuwa na chupa, sikosi chupa. Nikachoma koki, nikahesabu dakika mbili, nikakinga kama ninavyofundisha. Halafu nikamtafuta mfawidhi nikamwambia nilikosea, warudishe kuchemsha. Hakunikasirikia. "Dada," akasema, "niliwatangazia wananchi kwa karatasi ya serikali. Leo niwaambie kinyume kwa mdomo tu? Niletee karatasi nyingine."

Na mdogo wangu je? Hapo ndipo ninapojichukia hasa. Nilifika kwake, nikala ndizi zake, nikamwambia aje mjini, akae kwangu Rwamishenye, ajifungulie hospitali kubwa. Akaniuliza kwa nini, si mimi niliyemwambia maji ni salama? Nikasema tu mjini ni vizuri zaidi. Akacheka, akasema nani atamwangalia mama mkwe. Sikumwambia. Niliona aibu, mimi mkali wa chupa, na nikajidanganya kwamba karatasi mpya nitaipata kabla ya siku yake.

Ile sampuli ya pili niliikimbiza Bukoba nikaipima. Kesho yake sahani ilijaa madoa yasiyohesabika. Nikaibeba kwa mkurugenzi wetu. Akaiangalia, akafunga mlango, akaniambia mkataba unasema sampuli moja kila kituo, ripoti imeshapokelewa, na tukikiri kwamba fomu moja ni ya uongo hawatatuamini na nyingine zote, zabuni hatutaiona tena. Akaniuliza kama niko tayari kuwaeleza wenzangu kwa nini wamekosa kazi. Nikaenda halmashauri mwenyewe. Ofisa aliyenipokea aliuliza namba ya sampuli. Haikuwa na namba, maana haikuwa ndani ya mkataba. Akanishauri kwa upole niandike barua kupitia mwajiri wangu. Niliandika. Mwajiri wangu akaiweka kwenye droo mbele ya macho yangu. Nilirudi halmashauri, nikarudi tena, mpaka mlinzi akanizoea. Usiku silali, mchana nikiona mjamzito barabarani nageuza uso. Niliomba Mungu aicheleweshe mimba ya mdogo wangu, ombi la kijinga kabisa.

Mungu hakuichelewesha. Alijifungua wiki mbili kabla ya siku niliyokuwa nimeihesabu, alfajiri, pale pale. Shemeji alinipigia akiimba. Nilipofika walikuwa wamesharudi nyumbani, mtoto wa kike, mzima, analia kwa nguvu, ameogeshwa ananukia sabuni. Mdogo wangu alikuwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tukiwa watoto. Akaniambia kina mama wengine pale walikuwa bado wanayaogopa maji ya bomba, yeye akawaambia waogeshe bila wasiwasi, dada yake ndiye aliyeyapima. Nilimshika mtoto. Nilikiangalia kitovu chake muda mrefu mpaka mama mkwe akaniuliza natafuta nini.

Siku ya nne kitovu kikavimba. Mtoto akaacha kunyonya, mwili ukawaka moto. Walimleta Bukoba, na siku ya sita asubuhi akafariki. Daktari alisema wadudu waliingia kwenye kitovu, hutokea. Hakutaja maji, hakuuliza maji. Tulirudi naye Kishanda tukamzika kibanjani.

Siku ya pili baada ya mazishi tulibaki wawili ndani, wengine wako nje na wageni. Nilimwambia yote. Ndoo, uvuguvugu, fomu, madoa, na kwamba nilikaa nyumbani kwake nikala chakula chake huku najua. Nilitaka anipige. Kama angenipiga ningepumua. Alikaa kimya, kile kimya chake cha zamani, nikaogopa. Maziwa yalikuwa yanamtoka, blauzi imelowa kifuani, na hakujifuta.

Baada ya muda akauliza, "Ile karatasi bado iko ukutani?"

Nikasema ipo.

"Sasa umekaa hapa unanililia nini? Mke wa jirani ameingia pale kujifungua tangu asubuhi. Nenda."

Nilikwenda mbio kama mwendawazimu, kanga ya msiba kiunoni. Karatasi niliibandua na plasta zake. Mfawidhi akasema ile ni mali ya serikali, nikamwambia aende polisi, sahihi iliyo chini ni yangu. Nikapita kwa yule mama kibanjani, nikamweleza kwa maneno machache. Alichukua sufuria yake, akanitangulia.

Mafiga yalikuwa bado yako nyuma ya jengo, nyasi zimeota katikati. Kuni za zamu hazikuwepo tena, nikaokota nilichokipata chini ya mibuni. Ndani yule mke wa jirani alikuwa ameshaanza kuugulia kwa sauti, na nesi akatoa kichwa dirishani kuuliza kama maji yako tayari. Kuni zilikuwa mbichi. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka, na maji hayakuwa hata na uvuguvugu.