Aliyenisomea Diski ya Bi. Rukia

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, katika ofisi yangu ya taipu pale Kibokoni, Mombasa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize kwanza.

Mimi ni Mtaita, Mkristo, na habari za majini nilikuwa nikiziona porojo za watu wa Mji wa Kale. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na kompyuta moja. Bi. Rukia, mkunga mzee wa mtaa, alikuwa akija kila asubuhi kunitajia watoto aliowazalisha majumbani: jina la mtoto, mamake, siku, nyumba. Hakuwahi kuandika, vyote vilikuwa kichwani mwake. Wengi wa watoto hao sasa walikuwa watu wazima wasio na vyeti vya kuzaliwa, na kila wakiomba kitambulisho walizungushwa. Wakili mmoja alikuwa tayari kuipeleka orodha ile mbele ya wakubwa, ikiwa na alama ya kidole cha Bi. Rukia. Tulikuwa karibu kumaliza alipopigwa na kiharusi. Ulimi ukafungika.

Wiki mbili baadaye kompyuta ikaanza kugandaganda. Nikaamua kuiweka upya ile programu kuu inayoiendesha. Diski ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, C na D, na orodha ilikuwa kwenye D. Katikati ya kazi nikaulizwa swali ambalo sikulielewa, nikabonyeza ndiyo. Nilipomaliza, D haipo! Na nakala niliyoitoa kwenye flopi, ile diski ndogo ya kubebeka? Ilishaota ukungu. Unyevu wa Mombasa hii, nani asiyeujua?

Fundi Omari akaja kutoka Ganjoni, akatazama, akatikisa kichwa.

"Orodha haijafutika, mama. Kilichofutika ni zile nambari zinazosema D yaanzia wapi na yaishia wapi. Ukizijua, waziandika tu, D yarudi. Ukibahatisha, waharibu kabisa."

Akaniachia flopi yenye programu ya kuandikia nambari hizo, akaenda msikitini. Nikafunga mlango kwa komeo, nikaketi nikalia. Bi. Rukia nitamwambia nini, naye hawezi tena kusema?

"Salaam aleikum."

Nikainua uso. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa buibui, amesimama kando ya meza yangu. Na mlango, naapa, ulikuwa na komeo.

"Usitishike, dadangu. Nimekuja kwa ajili ya ile orodha. Shika kalamu."

Akainama, akalaza sikio juu ya kompyuta kama mkunga asikilizavyo tumbo. "Yaanza silinda mia nne na kumi na mbili," akasema; silinda ndiyo miduara ya diski inayohesabiwa. Akanitajia na mwisho wake, na nambari nyingine zote, polepole, bila papara. Nimefanya kazi na watu hodari, lakini ustadi ule sijauona tena. Mara akasikiliza upya. "La, nimekosea. Ile nane ifute, uweke tisa." Hebu niambie, ni jini gani huyo anayekiri kosa lake? Hapo hofu yangu ikageuka heshima.

Nikaandika. Nikazima, nikawasha. D imerudi, na orodha imo, nzima!

"Dadangu, nikupe nini? Waitwa nani?"

"Mwanajuma. Sitaki kitu. Ila ichapishe leo, usingoje kesho. Mimi sikuandikwa mahali pengine."

Nikageuka kuwasha printa. Kugeuka tena, hayupo. Komeo liko vilevile.

Karatasi zilipotoka nikawatafuta akina Mwanajuma. Walikuwa watatu. Wawili nawajua, mmoja huuza maembe sokoni Marikiti. Wa tatu nilimwandika kwa vidole vyangu hivi: "Mwanajuma, binti wa kwanza wa Zuhura. Alizaliwa Ijumaa, kabla ya swala. Hakulia. Mamake akampa jina, mtoto akazikwa alasiri." Nikakumbuka siku ile nilitaka kumruka, kwa kuwa maiti haombi kitambulisho. Bi. Rukia akanikatalia: "Mwandike na yeye." Nikahesabu miaka. Angekuwa na thelathini na mmoja.

Watu wengi walipata vitambulisho kwa karatasi zile. Nilimsomea Bi. Rukia orodha yote kitandani pake, nikamweleza na nani aliyeirudisha. Hakushangaa. Alinishika kwa mkono wake uliobaki mzima, akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Alifariki kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mimi, hadi leo, Ijumaa mchana sifungi komeo.

Basi nawe, kabla ya kuiweka kompyuta yako upya, toa nakala, tena chapisha. Na ukipewa majina ya watu uyaandike, usimruke hata mmoja, awe aliishi au hakuishi. Mimi aliyekuja aliniokoa. Wewe hujui atakayekujia atakuja na nini.